Kumfuga pudeli Kigoma: mwongozo kamili, unaoanzia kwenye chanuo

Miezi mitatu ya kwanza nilipompata mbwa wangu wa aina ya pudeli, hapa Mwanga mjini Kigoma, nilihangaika na chakula tu. Nilichambua dagaa, nilipima wali, nilimuuliza kila mtu habari za vitamini. Manyoya niliyaacha yaote kwa kuwa yalipendeza, na watoto wa mtaa walikuwa wakija kuyashika. Siku moja nikampapasa kwapani, nikakuta donge gumu kama fundo la kamba ya mtumbwi. Chini ya donge palikuwa na kidonda, na pembeni ya kidonda kupe watatu walioshiba. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza pudeli anafugwaje, simwelezi chakula kwanza. Namuuliza kama ana chanuo la chuma na nusu saa ya jioni.

Jina la mbwa wangu ni Mawese, kwa sababu ya rangi yake. Nitamtaja hapa na pale.

Mbwa wa aina gani huyu

Picha za pudeli zinadanganya. Unamwona amenyolewa kiunoni, ameachiwa mipira ya manyoya miguuni na kishungi kichwani, unadhani ni mbwa wa mapambo. Asili yake ni mbwa wa maji. Wajerumani walimwita Pudelhund, kutokana na neno lao la kuchapa maji, na Wafaransa wanamwita caniche, jina lililotokana na bata, maana kazi yake ilikuwa kuwafuata bata waliopigwa na wawindaji na kuwaleta nchi kavu. Ule unyoaji wa ajabu nao ulikuwa na kazi: nyuma walimnyoa ili aogelee akiwa mwepesi, kifuani na kwenye viungo wakamwachia manyoya yamkinge na maji ya baridi ya Ulaya. Ziwa Tanganyika kwa juu lina joto la nyuzi 25 hivi. Mbwa wa huku hana sababu ya kuvaa mipira miguuni, labda kama unataka kumwonyesha harusini.

Manyoya yake ni ya tabaka moja, yamejikunja, na hayaachi kukua. Mbwa wa kienyeji hupukutisha manyoya yaliyokufa, ukayafagia asubuhi yakaisha. Ya pudeli hayafiki chini. Unywele uliokufa unanaswa na mikunjo ya ulio hai, unajisokota nao, vumbi la mtaani linaingia, mkojo kidogo, umande kidogo, na baada ya wiki mbili una rasta zinazovuta ngozi kila mbwa anapopiga hatua. Ndiyo maana utasikia kwamba pudeli hachafui nyumba. Ni kweli. Uchafu anabaki nao mwilini, na wa kuutoa ni wewe.

Wapo wanaomtafuta kwa sababu ya mzio wakiambiwa kwamba huyu hasumbui. Hakuna mbwa asiyeleta mzio kabisa, kwa sababu kinachosumbua kipo pia kwenye mate na ngozi. Kama mtoto wako anabanwa kifua, mpeleke kwanza akakae saa kadhaa na pudeli wa mtu mwingine.

Kuchagua kimo

Shirikisho la kimataifa la mbwa, FCI, linamhesabu pudeli kuwa wa Ufaransa na linamgawa mara nne kwa kimo cha mabega: mkubwa ni zaidi ya sentimita 45 hadi 60, wa kati ni zaidi ya 35 hadi 45, mdogo ni zaidi ya 28 hadi 35, na yule kidogo kabisa ni 24 hadi 28. Wamarekani wana makundi matatu tu, kwa hiyo muuzaji akikuambia "wa kati" au "mdogo", mwombe akutajie sentimita na kilo za wazazi.

Kwa maoni yangu, Kigoma na Tabora chukua wa kati au mdogo. Yule kidogo kabisa, wa kilo mbili au tatu, ni mdogo mno kwa mitaa yetu. Mbwa koko mmoja akipita getini anamaliza kila kitu kwa kung'ata mara moja. Watoto wake pia huishiwa sukari mwilini wakikaa na njaa. Utamwona analegea, anayumba, anatetemeka. Akifika hapo mpake asali kidogo kwenye ufizi (Tabora hamkosi), kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo. Pia za magoti yake nazo huchomoka kirahisi, ukamwona anaruka kwa mguu mmoja hatua tatu nne kisha anaendelea kama hakuna kitu.

Mkubwa ni mbwa mzuri sana, lakini ana hatari moja ambayo kwetu ni ngumu kuitibu: tumbo hujaa gesi na kujipinda. Anajaribu kutapika na hakitoki kitu, ubavu unavimba, hatulii. Hapo anahitaji upasuaji ndani ya saa chache, na kabla ya kumnunua ujue nani atakayeufanya. Ukiamua hivyo hivyo kumfuga, mgawie chakula mara mbili au tatu kwa siku na usimkimbize akitoka kula.

Rangi ni hiari yako, ila kama unaishi Urambo, Kaliua au Sikonge na unapenda kuingia porini na mbwa, ujue kwamba mbung'o huvutwa na rangi nyeusi na ya bluu. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo.

Kumpata asiye wa kubahatisha

Karibu kila mtoto wa mbwa mwenye manyoya mengi ni mzuri akiwa na wiki sita, na karibu kila mmoja anaweza kuuzwa kwa jina la pudeli. Dawa ni kumwona mama yake. Mpapase: manyoya yamejikunja kama sufu toka juu hadi shinani, na ukiyavuta taratibu hayabaki mkononi. Ukikuta manyoya laini ya chini yanayotoka kwa mafungu, hapo pana mchanganyiko. Mchanganyiko si dhambi, ila usiulipie bei ya pudeli.

Usimchukue kabla ya wiki nane. Muulize muuzaji kama wazazi wanaona vizuri gizani, kwa sababu aina hii hurithi ugonjwa wa macho unaoanza kwa kutoona usiku na kumalizikia kwenye upofu. Akikasirishwa na swali hilo, nenda kwingine.

Wengi wetu tunawatoa Dar es Salaam, na kwa reli huo ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200. Kabla ya kumsafirisha, pitia ofisi ya mifugo akapewe kibali, na kadi ya chanjo iwe mkononi. Mpe maji kidogo kidogo njiani, chakula kiwe chepesi, na siku ya kwanza nyumbani usialike watu kuja kumwona.

Chanjo, bila kuruka

Chanjo ya mchanganyiko, inayokinga magonjwa ya virusi ya pavo na distempa pamoja na mengine, huanza akiwa na wiki sita hadi nane, na hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16. Ya kichaa cha mbwa huchomwa akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Dawa ya minyoo ianze mapema zaidi, tangu akiwa na wiki mbili, kwa dozi ya kilo zake.

Mpaka amalize mchanganyiko, asikanyage barabarani. Pavo hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, na mitaa yetu ina mbwa wasio na mwenyewe. Mbwa yeyote akimng'ata mtu, awe wako au wa jirani, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu huyo aende hospitali siku hiyo hiyo. Vitunguu na ndimu havisaidii kitu.

Chanuo, mashine na beseni

Sasa tuingie kazini. Vifaa ni vichache: chanuo la chuma lenye meno mapana upande mmoja na ya karibu upande wa pili, brashi ya pini, mkasi wenye ncha butu, mashine ya kunyolea ya kuchaji, na meza imara uliyoitandika gunia asiteleze. Mashine ya kuchaji kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi utabaki na mbwa wa nusu.

Kuchana ni siku moja ndiyo, siku moja hapana. Akiwa kati ya miezi tisa na 18, manyoya ya utoto yanapobadilika kuwa ya ukubwa, ni kila siku, na kipindi hicho ndicho kinachowavunja watu moyo. Usipitishe brashi juu juu kama unayepangusa meza. Gawa manyoya kwa mistari, kama msusi anayeanza twende kilioni, uone ngozi, kisha chana mstari mmoja toka shinani hadi nchani, ushuke kwenye mwingine. Mwisho pitisha chanuo la meno ya karibu. Likipita bila kukwama, umemaliza. Likikwama, hujachana, hata kama mbwa anaonekana kama wingu.

Mahali panaposahaulika ni kwapani, nyuma ya masikio, katikati ya mapaja na chini ya mkanda wa shingo. Usiku mvue mkanda huo.

Kuoga ni kila baada ya wiki mbili au tatu, kwa mpangilio huu:

1. Mchane kwanza akiwa mkavu. Hili ndilo kosa la kila mgeni: fundo likilowa hujikaza, na likikauka limekuwa jiwe.
2. Mloweshe mpaka ngozini kwa maji ya uvuguvugu. Manyoya haya yanakinga maji, kwa hiyo yatakudanganya kwamba yamelowa.
3. Tumia shampuu ya mbwa. Sabuni ya kufulia na ya watu hukausha ngozi yake mpaka ianze kumwasha.
4. Suuza, halafu suuza tena. Povu lililobaki ndilo linaloleta mba.
5. Mkandamize kwa taulo. Usimsugue, kusugua kunasokota.
6. Mkaushe huku unachana, kivulini penye upepo au kwa feni. Ukiacha ajikaushie mwenyewe, umeanza rasta mpya.

Kunyoa ni kila baada ya wiki nne hadi sita. Mpango unaofaa joto letu ni mmoja: mwili mzima urefu sawa, milimita 10 hadi 13, yaani kile ambacho vinyozi huita namba tatu au nne. Usoni, nyayoni na chini ya mkia pawe pafupi zaidi. Usimnyoe kipara ukidhani unampoza. Ngozi yake ikibaki wazi huungua na jua la Oktoba, na wadudu wanapata njia nyeupe.

Mnyoe akiwa ameshaoga na amekauka, maana mchanga unaua meno ya mashine kuliko kitu chochote. Na kila baada ya dakika chache liguse bati la mashine kwa ndani ya mkono wako. Mara ya kwanza nilimpeleka Mawese kwa kinyozi wa watu, kijana mchangamfu asiye na hatia, naye akanyoa bila kupumzisha mashine. Tumbo la mbwa likatoka malengelenge. Kosa lilikuwa langu: manyoya yalikuwa yameshafunga, na mashine ya kichwa cha mtu haikutengenezwa kulima vichaka vile. Ukikuta rasta zimeshashikana mpaka ngozini, usizivute wala usiingize mkasi kwa kubahatisha, kwa sababu ngozi huwa imeingia ndani ya fundo. Nyoa chini ya rasta taratibu, aanze upya. Manyoya yatarudi.

Mzoeze mapema. Tangu siku ya kwanza mshike nyayo, mfungue mdomo, mwashie mashine pembeni bila kumgusa huku anakula kipande cha samaki. Akifikisha miezi minne anyolewe kidogo, hata kama hakuna cha kunyoa. Anayesubiri mwaka mzima atamnyoa akiwa na watu watatu wa kumshikilia.

Masikio

Sikio la pudeli limelala, ndani lina nywele, na huku kuna mvua toka Novemba mpaka Aprili. Hewa haipiti, unyevu hautoki, fangasi wanafurahi. Mara moja kwa wiki linue, liangalie, linuse. Nta kidogo ya njano si shida. Nta ya kahawia, harufu ya kitu kilichochacha, mbwa anatikisa kichwa au anakwaruza sikio sakafuni: huyo ni wa daktari. Safisha kwa dawa ya masikio ya mbwa na pamba uliyoikunja kidoleni, kamwe si vijiti vya pamba, vinavyosukuma uchafu ndani. Nywele za ndani zing'olewe pale tu zinapoziba tundu, na kwa mkono wa anayejua.

Sufuria yake

Hapa Kigoma ina bahati. Dagaa mzima, pamoja na kichwa na mifupa, ana protini na kalsiamu ambayo nyama tupu haina, na mtoto wa mbwa anayelishwa nyama tupu hupata miguu iliyopinda. Ila waroweke na uwasuuze mara mbili au tatu, kwa sababu dagaa walioanikwa chini wana mchanga, na wengine wana chumvi. Mimi nachemsha wali, nachanganya dagaa, mchicha au boga, na kijiko cha mawese mara moja moja. Mara mbili kwa wiki yai. Mgebuka apikwe na kutolewa miiba mikubwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa isimfikie, inapasuka na kuchoma utumbo.

Mbwa wa kilo 10 aliyehasiwa anatosheka na kilokalori kama 600 kwa siku, lakini huna haja ya kupima kila kijiko. Pitisha mikono mbavuni: ukizigusa bila kuzikandamiza na bila kuziona, yuko sawa. Kwa pudeli fanya hivyo kwa vidole, maana macho yataona manyoya tu.

Vitunguu maji, vitunguu saumu, chokoleti na zabibu ni sumu kwake, kwa hiyo mabaki ya mchuzi wa nyumbani yanabaki nyumbani. Unga wa mahindi ulioota ukungu nao usimpe kwa kusema ni mbwa tu. Sumu kuvu inaharibu ini lake haraka. Dawa za maumivu za watu, diklofenaki na aibuprofeni hasa, zisimguse.

Kupe, mbung'o na funza wa ngozi

Kupe ndiye adui wa kila siku. Kwenye mbwa wa manyoya mafupi unamwona kwa macho, kwa pudeli unamtafuta kwa vidole kila jioni: masikioni, kwapani, katikati ya vidole. Homa, ufizi mweupe, mkojo mwekundu au damu puani ni dalili kwamba kupe ameshaacha ugonjwa. Wengi huchukua dawa ya kuogeshea ng'ombe na kukisia kipimo. Nimeona mbwa akitoa povu kwa hilo. Kama ndiyo pekee iliyopo dukani, apime mtaalamu wa mifugo, na mbwa asijilambe mpaka akauke.

Ndorobo, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, kwa mbwa ni mkali. Dalili ninayowaambia watu wa Tabora waikumbuke ni jicho: linaingia ukungu mweupe wa bluu, huku mbwa anakonda na tezi za shingo zimevimba. Dawa ipo, ni sindano, lakini kwa mbwa tofauti ya dozi na sumu ni ndogo. Apimwe kwa mizani, asikadiriwe.

Yuko pia nzi anayetaga mayai kwenye mchanga wenye mkojo na kwenye nguo zilizoanikwa. Buu lake huingia ngozini na kutoa jipu lenye tundu katikati. Paka mafuta ya mgando juu ya tundu, subiri likose hewa, kisha kamua taratibu. Tandiko la mbwa lipigwe pasi kama unavyopiga nguo zako.

Majirani

Hili wageni hawaliwazi. Kigoma, Ujiji na Tabora mjini ni miji ya Waislamu wengi, na kwa mafundisho ya Kishafii yanayofuatwa huku, chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Pudeli anapenda watu, na salamu yake ni kuruka na kulamba. Mzee anayekwenda msikitini na kanzu safi akirukiwa, atalazimika kurudi nyumbani kujitoharisha. Kwa hiyo amri ya kwanza anayofundishwa mbwa wangu ni "kaa", na ya pili ni kukaa hapo hapo getini mtu akipita. Vyombo vyake viwe rangi tofauti na vya watu, na visiingie jikoni. Bibi mmoja jirani yangu alikuwa akizunguka njia ya nyuma kwa sababu ya Mawese. Sasa anasimama ng'ambo ya barabara, anamsalimia kwa jina.

Kufundisha kwenyewe si kazi. Stanley Coren, mwanasaikolojia aliyepanga aina za mbwa kwa wepesi wa kufuata amri mwaka 1994, alimweka pudeli wa pili. Tatizo ni kwamba anajifunza upuuzi kwa kasi ile ile. Akibweka ukamfungulia mlango mara mbili, mara ya tatu atakubwekea saa kumi usiku. Dakika tano asubuhi na tano jioni zinatosha, mpe kipande cha dagaa akifanya vizuri, na usimpige. Hafai kuachwa peke yake amefungwa mchana kutwa. Atalia mpaka mtaa uchoke.

Ziwani

Mpeleke. Ukimwona pudeli anaingia majini utaelewa kwa nini Wajerumani walimpa jina lile. Chagua ufuko ambao watu wanaogelea mchana, na ukae mbali na midomo ya mito kama Luiche na penye matete, kwa sababu ya mamba. Nyoka wa maji nao wapo kwenye mawe. Angalia ndoano na vipande vya nyavu mchangani. Na mfunge kamba kabla hujafika wanapoanika dagaa: Mawese aliwahi kunichomoka Kibirizi, akatembea katikati ya dagaa wa mama mmoja huku anakula kushoto na kulia. Nililipa debe zima, na niliona nimesamehewa.

Akitoka majini msuuze, kausha masikio kwanza, kisha mchane kabla hajakauka.

Ukisafiri

Kijana anayebaki naye nimemfundisha mistari ya chanuo kwa mwezi mzima kabla sijathubutu kulala nje ya mji. Chakula nilimwonyesha kwa siku moja. Ninapopiga simu kutoka safarini simuulizi kama mbwa amekula. Namwambia aweke simu kwenye spika, apitishe chanuo kwapani, nisikilize kama linakwama.